Masika Yuko Wapi

Kwa Wakonzo, watu wa milimani mpakani mwa Kongo, jina la mtoto halichaguliwi, linahesabiwa. Msichana wa kwanza wa tumbo la mama ni Masika, wa pili ni Biira, wa tatu ni Kabugho, na hesabu inakwenda hivyo mpaka mama achoke. Padri ataongeza jina lake la ubatizo na shule itaandika lake, lakini lile la hesabu ndilo linalobaki midomoni mwa watu. Ndiyo maana ukijitambulisha mjini Kasese kwamba wewe ni Biira, anayekuamkia, hata kabla hajauachia mkono wako, atakuuliza Masika yuko wapi. Hana ubaya wowote. Anakuuliza habari za nyumbani tu.

Biira, mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Kasese, alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka arobaini na minne, ukiondoa ile michache ya mwanzo ambayo alikuwa hajui kusema. Jibu lake lilikuwa neno moja: alikufa. Watu walisema pole, na mazungumzo yakaendelea. Alilisema dukani, alilisema kanisani, alilisema mbele ya mkuu wa shule siku ya kuajiriwa, na mara mbili aliwaambia wanaume waliotaka kumwoa na mwishowe wasimwoe. Lilimtoka bila uchungu, maana ni vigumu kumlilia mtu usiyemjua sura.

Uchungu wake ulikuwa mahali pengine. Alipanga chumba kimoja karibu na stesheni ya zamani ya reli, na ndani yake mlikuwa na sufuria moja, sahani moja na vikombe viwili. Kikombe cha pili kilikuwa cha mgeni. Kwa kuwa mgeni mwenyewe hakuwa na haraka, kwa miaka mingi kikombe hicho kilihifadhi kalamu. Baba yake, Semu, alifariki Biira akiwa bado shuleni. Wadogo zake wawili wa kiume, Baluku na Bwambale, surua iliwachukua wote kwa mwaka mmoja, wangali watoto. Alibakiwa na mama yake tu, Medius, huko mlimani juu ya Bwera, na moyo wa Medius ulikuwa unachoka. Daktari alisema umepanuka. Alimkataza chumvi. Kila Jumapili Biira alimpigia simu wakagombana juu ya chumvi, kwa sababu Medius alikuwa na makopo ya chumvi uvunguni mwa kitanda ambayo yangeitosha kambi ya jeshi, na bado kila wiki alishuka Bwera kununua nyingine.

Sasa, siku mambo yalipogeuka, Biira alikuwa darasani, kidato cha sita, anafundisha jinsi seli inavyoanza kutengeneza protini. Ni somo alilolifundisha kwa miaka kumi na minane. Alikuwa akilipenda, maana wanafunzi wengi hudhani kazi ngumu ya seli ni kuunganisha protini, kumbe kazi ngumu ni kujua pa kuanzia.

Aliwaeleza hivi. Maagizo ya protini yamo ndani ya DNA, na DNA haitoki chumbani mwake. Hutolewa nakala, ujumbe mrefu wa herufi nne zinazojirudia kwa mpangilio, na ujumbe huo ndio unaotoka nje kwenda kusomwa. Msomaji ni ribosomu, na ribosomu ina vipande viwili, kidogo na kikubwa. Kile kidogo ndicho kinachotangulia. Kinaushika ujumbe huko mwanzoni kabisa, kikiwa kimeshambeba abiria wake, asidi amino iitwayo methionini, halafu kinaanza kutembea. Kinapita herufi moja baada ya nyingine na hakitafsiri hata moja.

"Kama boda anayeingia Bwera na abiria," alisema, "amepewa kibao kimoja cha kutafuta. Maduka yote anayaona, lakini hasimami."

Kibao chenyewe ni herufi tatu, A, U, G. Kipande kidogo kikizifikia, kinasimama. Hapo kile kipande kikubwa kinakuja kufunga kutoka juu, methionini inakaa mahali pake, na kuanzia hapo kusoma ni kusoma kweli, herufi tatu kwa tatu, kila tatu na asidi amino yake, mpaka mnyororo ukamilike. Zile herufi zilizopitwa mwanzoni hazitakuwa protini kamwe. Lakini ukizikata ukazitupa, msomaji hapati pa kushika, na kazi haianzi vizuri.

Kisha akawapa lile la mwisho, ambalo hulitaja harakaharaka kwa kuwa haliji sana kwenye mtihani. Karibu kila protini huanza na methionini, lakini ukizichunguza zilizokamilika, nyingi hutaikuta. Mnyororo ukishaanza kurefuka, kimeng'enya kinakuja na kuikata ile ya kwanza. Iliyokuwa ya pili ndiyo inayoonekana mbele.

Adong akanyoosha mkono. Alikuwa msichana wa kaskazini, binti wa afande aliyehamishiwa Kasese, na labda ndiye mtu peke yake shuleni ambaye hajawahi kumuuliza Biira Masika yuko wapi.

"Madam, kama imekatwa, walijuaje kwamba ilikuwepo?"

"Kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuanza," Biira akamjibu. "Ukiiona ya pili, ujue ya kwanza ilikuwepo."

"Na ile iliyokatwa inakufa?"

"Haifi. Seli haitupi kitu. Inakwenda kutumika mahali pengine."

Alilisema hilo kwa sauti ya kila mwaka, akageukia ubao, akainua chaki, na mkono ukabaki juu. Wanafunzi walidhani anakumbuka mchoro. Kumbe alikuwa mlimani juu ya Bwera, nyuma ya nyumba ya mama yake, penye migomba, anahesabu makaburi. La baba, lenye saruji. La Baluku, mawe matatu. La Bwambale, mawe matatu. Akahesabu tena. Alikuwa amepapalilia mahali hapo tangu utotoni kila likizo, akizunguka mawe yale kwa jembe asiyaguse, na hayakuwa na mwenzao. Masika hakuwa na kaburi.

Mtu msomi anaweza kukutajia kromosomu arobaini na sita bila kitabu, na makaburi manne ya kwao yakawa matatu asijue. Biira alijiona mjinga, na hakukosea sana. Aliliacha somo kabla ya kengele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jumamosi asubuhi alikuwa kwa mama yake. Alimkuta Medius amekaa mlangoni, miguu imevimba hadi magotini, ameiweka juu ya gunia la kahawa. Wiki tatu alikuwa hawezi kushuka Bwera, na uso wake ulikuwa umesinyaa kuliko miguu ilivyovimba. Biira alimpikia uji, akamkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, akaulizia dawa. Alitaka kuzunguka kwanza, kama watu wazima wafanyavyo. Lakini hakuwa na ufundi wa kuzunguka.

"Mama, Masika mlimzika wapi?"

Mikono ya Medius ilikuwa inachambua maharage, ikaendelea kuchambua. Alichambua mpaka ungo ukawa safi. Biira akaanza kufikiri hatajibiwa, na akaogopa, kwani kama mama hakusema leo, na miguu ile, huenda asingesema tena.

Medius alisema. Alisema polepole, kwa Lukonzo, macho yake kwenye maharage. Alikuwa na miaka kumi na saba, akiuza ndizi za kuiva pale malori ya chumvi ya kutoka Kabatoro yanaposimama. Katika lori moja alikuwamo Muhammed. Baba yake Medius alikuwa mwalimu wa kanisa, na aliposikia habari za Muhammed alisema bora azike binti kuliko kumwoza kwa Mwislamu. Mtoto akazaliwa Bwera, nyumbani kwa Jamira, dada yake Muhammed, mwenye duka la chumvi karibu na msikiti, mwanamke aliyekuwa ameshazika watoto watatu wa kwake. Muhammed alikuwa amekwenda Beni, upande wa Kongo, na mzigo wa chumvi. Hakurudi, na hakuna aliyejua kama alikufa au alipata kwingine. Mtoto alipofikisha miezi minane, baba yake Medius alikuja kumchukua binti yake. Binti tu.

Jamira alimchukua mtoto akamwita Hidayah. Aliweka sharti moja, na Medius akaliapia. Aje dukani akitaka. Anunue chumvi, amwone mtoto, anyamaze.

Miaka miwili baadaye Semu alimwoa Medius, na Semu hakuambiwa kitu. Kwake na kwa ukoo wake, Medius alikuwa msichana ambaye hajazaa. Mambo yangeisha hapo, yangefunikwa kabisa. Lakini Biira akazaliwa. Alizaliwa kwa shida, siku mbili, na alipotoka, mama mkwe alimwinua mtoto, akaona ni msichana, akatangaza chumba kizima kisikie: huyu ni nani? Aliuliza kwa ajili ya desturi tu. Jibu kila mtu alilijua, wanawake walikuwa wameshafungua midomo wapige vigelegele vya Masika. Na Medius, aliyekuwa nusu hapa nusu kwingine, akasema Biira.

Mama mkwe akauliza Masika yuko wapi. Ilibidi Medius, hapohapo, damu haijakauka, atafute kifo. Akasema alikuwa na mtoto usichanani, akafa. Semu alimsamehe, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole hakuuliza kaburi.

"Nilimzika kwa mdomo," Medius alisema.

"Ungesema Masika tu," Biira akamwambia. "Nani angejua?"

"Masika alikuwa hai. Alikuwa na miaka mitatu, anacheza na makopo pale dukani. Ningekupa wewe jina lake, yeye angebaki nani?"

Biira alitaka kukasirika, na alikasirika. Alimwambia mama yake mambo ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba amekula peke yake miaka ishirini, kwamba ameugua malaria akajichemshia maji mwenyewe, kwamba kila Krismasi hufunga mlango na kusikiliza watoto wa majirani, na muda wote huo alikuwa na dada mwendo wa nusu saa kutoka kaburini kwa baba yake. Alilia. Medius alimwacha alie. Kisha Biira akaingia ndani, akainama kutafuta kitambaa, akaona uvunguni mwa kitanda makopo ya chumvi, safu kwa safu, mengine yameshashika kutu kabla ya kufunguliwa, na hasira yote ikamtoka. Hakuna hata kopo moja lililonunuliwa kwa ajili ya kuliwa.

"Mimi niliapa," Medius akasema nyuma yake. "Wewe hukuapa. Nenda."

Alishuka mlima kwa miguu. Njiani aliitunga sentensi yake kama anavyotunga swali la mtihani, fupi, isiyo na mahali pa kukosea: mimi ni mdogo wako, mama yetu ni mmoja. Aliirudia mpaka ikawa nyepesi mdomoni. Bwera ilikuwa imejaa kama kila Jumamosi, wabadilisha fedha na vibunda vyao mkononi, boda wakiwaita wapita njia, wanawake wa upande wa Kongo na vitenge vyao. Alipita maduka ya vitenge, akapita ya simu, akapita ya saruji. Hakusimama. Mbele ya duka la mwisho kabla ya msikiti kulikuwa na magunia ya chumvi ya mawe, na pembeni kiti kimoja cha mbao, kimechakaa mahali pa kukalia, hakuna aliyekikalia.

Mwanamke aliyekuwa akipima chumvi alikuwa mrefu, na alipocheka na mteja Biira aliuona mwanya wa mama yake katikati ya meno ya mbele. Akashika gunia.

Nyuma ya meza, juu ya mkeka, alikaa bibi kizee mwenye ukungu machoni, anafunga chumvi katika vifuko vidogo kwa kupapasa. Alikuwa Jamira. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa kazi ya miaka hamsini.

Biira aliagiza kilo moja. Akasema ametumwa na mama wa mlimani, yule anayekuja kila wiki, yeye ni mwanawe. Hidayah aliacha kupima, akauliza kwa Kiswahili cha upande wa Kongo.

"Mama wa kule juu? Iko wapi? Wiki tatu hatumuone. Niliogopa."

Biira akamweleza habari za miguu. Hidayah alisikitika kwa dhati. Alisema yule mama ni mutu muzuri sana, anakuja, ananunua, anakaa kwa kiti yake pale, haseme kitu, na siku asipokuja duka linakuwa na kasoro. Alisema watoto wake wote sita wanamfahamu, mkubwa alipoolewa yule mama alileta kuku akamwacha mlangoni akaenda zake. Alisema hayo yote akicheka, huku akipapasa bega la bibi kizee kila alipompita, bila hata kujua anampapasa.

"Na wewe, jina yako njo nani?"

"Biira."

Vidole vya Jamira vikasimama. Kifuko kilikuwa nusu, chumvi ikaanza kumwagika mkekani na hakuiokota.

"Biira," Hidayah akasema, na kama kila mtu Bwera, kama kila mtu Kasese, akauliza: "Na Masika iko wapi?"

Sentensi ilikuwa tayari. Biira alifungua mdomo. Lakini Jamira alikuwa ameshanyoosha mkono hewani, anautafuta mwili wa mtu asiyemwona, akaushika mkono wa Biira, akamvuta karibu na mkeka. Mteja mwingine aliita, Hidayah akageuka kumhudumia. Bibi kizee alinong'ona.

"Miye niko naye yeye tu, mutoto wangu. Yeye tu."

Biira aliyajua maneno hayo. Alikuwa akiyasema juu ya mama yake kila alipozima taa. Alimtazama yule bibi aliyezika watatu, akamtazama Hidayah, mwenye watoto sita na mkwe na duka lenye kelele, ambaye hakuwa amepungukiwa na kitu. Katika watu wote waliokuwa hapo, aliyehitaji sentensi ile alikuwa mmoja, Biira mwenyewe. Alitamani kuisema kuliko alivyowahi kutamani jambo lolote, na alijua kwamba akiisema, mkono ule uliomshika utabaki mtupu.

Hidayah akarudi. Hakuwa amelisahau swali lake.

"Eh, Masika?"

Lile neno la miaka arobaini na minne lilikuwa palepale ulimini. Jamira alikuwa anasubiri jibu, amefumba macho. Ingekuwa rahisi. Lakini Biira aliuona mwanya ule, na neno halikutoka.

"Iko," akasema. "Iko muzima. Iko mbali kidogo."

"Njo vizuri," Hidayah akasema. "Mbali si kitu kama mutu iko muzima. Bon, umusalimie sana."

"Nitamusalimia."

Jamira aliuachia mkono. Alifuta macho kwa pembe ya mtandio, halafu akaanza kukusanya chumvi iliyomwagika, punje kwa punje.

Hidayah alijaza mfuko, na juu yake akaongeza kiganja cha bure, cha yule mama, akasema, na amuambie kiti yake inamungoja. Biira akaupokea. Akasimama kidogo kando ya kiti, kisha akakikalia. Alikaa muda mrefu, akitazama watu wakija na kwenda, na hakuna aliyemuuliza kitu. Mwadhini alipoita adhuhuri, akainuka.

"Nitarudi Jumamosi," alisema.

Hidayah akacheka. "Jumamosi hii? Na chumvi yote hii, munapeleka wapi?"

"Nyumbani tuko wengi," Biira akasema.